Mafunzo ya Mlipuko Yasiishie Ukumbini

Nimehudhuria mafunzo ya kujiandaa na milipuko ya magonjwa kama mshiriki, kisha nikayaendesha kama mkufunzi. Semina zina nafasi yake. Lakini nikiangalia watumishi waliosimama imara mgonjwa wa kwanza alipofika, ni wale waliokuwa wakifanya mazoezi mafupi kituoni kwao, kwa vifaa vyao wenyewe, na wenzao wa zamu. Kama unaongoza kituo, anzia hapo.

Chukua klorini. Karibu kila mshiriki hutoka ukumbini akijua kwamba ya asilimia 0.5 ni ya kusafishia vitu na sehemu zilizomwagikiwa na majimaji ya mwili, na ya asilimia 0.05 ni ya mikono pale sabuni na maji ya kutiririka vinapokosekana. Sasa mpe ndoo na chupa iliyoko stoo kwenu. Mara nyingi nguvu ya dawa hiyo si ile aliyofundishiwa, na hapo hesabu inakwama. Njia yenyewe ni nyepesi: gawanya asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayoitaka, kisha toa 1. Jibu ni vipimo vya maji kwa kila kipimo kimoja cha dawa. Dawa ya asilimia 5 ukiitaka iwe 0.5, unaweka vipimo 9 vya maji. Ukiitaka iwe 0.05, unaweka 99. Ile ya unga yenye asilimia 70 huhitaji gramu 7 hivi kwa lita moja ili kupata 0.5. Fanyeni hesabu ya dawa mliyo nayo, muibandike ukutani juu ya ndoo, na ikija chupa ya aina nyingine karatasi hiyo ibadilishwe. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, ufunikwe, uwekwe mbali na jua. Na kamwe usichanganywe na dawa nyingine ya usafi, hasa yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu.

Jambo la pili ni kuvua vifaa vya kujikinga. Kuvaa hakusumbui sana, kwa kuwa mtu bado ana nguvu na nguo ni safi. Kuvua kunakuja akiwa amechoka, anatoka jasho, anatamani hewa. Zoezi ninalolipenda ni kupaka rangi ya maji kwenye glovu na kifuani, kisha mtu avue kama alivyozoea. Rangi utaikuta kwenye kifundo cha mkono, shingoni, pembeni mwa jicho. Hakuna maelezo yanayofundisha kama alama ile. Baada ya hapo rudieni, safari hii mwenzake akimsomea hatua moja moja kwa sauti kutoka kwenye karatasi, naye akisafisha mikono kila baada ya hatua. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016 walikufa watu zaidi ya 11,000, na mamia kati yao walikuwa watumishi wa afya. Siwezi kulichukulia zoezi hili kama la kujaza ratiba.

Halafu kuna kutoa taarifa. Wengi husubiri majibu ya maabara, na huko ndiko siku zinakopotelea. Kwa kipindupindu, mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, mtu wa miaka 2 au zaidi mwenye kuhara majimaji kwa ghafla na aliyeishiwa maji sana mwilini anatosha kushukiwa. Piga simu siku hiyo hiyo. Lipo lengo linaloitwa 7-1-7: siku 7 za kugundua, siku 1 ya kutoa taarifa, siku 7 za kukamilisha hatua za mwanzo za kudhibiti. Hiyo siku 1 inategemea zaidi mtumishi wa kituo.

Ipimeni kwa zoezi la mezani la nusu saa. Mmoja asome: "Usiku huu wameletwa watu wawili wa nyumba moja, wanaharisha majimaji." Kisha maswali. Nani anapigiwa, na namba yake imeandikwa wapi? Wanalazwa chumba gani? Wanatumia choo kipi? Sampuli inapelekwa na nani? Msiwaache nje mlinzi, dereva na mfanya usafi. Mlinzi ndiye anayekutana na mgonjwa kabla ya muuguzi, na mfanya usafi ndiye anayegusa kila kitu baada yake.

Kwa masomo ya nadharia, Shirika la Afya Duniani lina kozi za bure mtandaoni, zinasomeka hata kwa simu. Muda wa kukaa pamoja utumieni kwa yale yanayohitaji mikono.

Mwisho, stoo. Kagueni tarehe za kuisha muda wa dawa ya klorini, glovu na pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na ufunguo ukabidhiwe kwa maandishi kila zamu inapobadilishana, ya usiku ikiwemo.