Boti yangu ya faiba imekwaruzwa na mawe: nipake filla ya gari?

Swali: Fundi, hujambo? Nina boti nyeupe ya faiba ninayobebea wageni pale Dunga, Kisumu, kwenda kutazama viboko na ndege. Bichi ina mawe, na ili wageni wasilowe tunaivuta omo, yaani sehemu yake ya mbele, mpaka nchi kavu. Sasa upande wa kushoto wa omo umejaa mikwaruzo. Mingi ni myembamba kama nywele, miwili ni mirefu kuliko kiganja, na mmoja wa hiyo miwili ndani yake naona rangi kama ya chai ya rangi. Jirani ananiambia nijaze filla ya gari, nipige msasa, nipulizie rangi nyeupe, na kufikia saa sita niwe nimerudi kazini. Ni sawa? Na ni lazima niitoe majini?

Jibu: Sijambo, ndugu yangu, na nimefurahi umeuliza kabla ya kupaka chochote. Filla ya gari usiiweke hapo. Imejaa unga wa talki ili iwe laini kupigwa msasa, na unga huo unafyonza maji. Kwenye mlango wa gari la matatu inafunikwa na rangi, na mvua ikikatika inakauka. Kwenye omo ya boti inayolala ziwani inalowa ndani kwa ndani, inavimba, halafu inaachia. Nimeshabandua viraka vya namna hiyo kwa ukucha tu, na chini yake nikakuta faiba imelowa chapachapa. Hapo kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya wiki, kwa sababu faiba iliyolowa haifunikwi mpaka ikauke.

Ule weupe unaong'aa si rangi ya kupuliza. Ni jelikoti, yaani resini ya poliesta iliyochanganywa na rangi. Boti inapotengenezwa, jelikoti ndiyo hutangulia kupakwa ndani ya kalibu, lile umbo la kuundia boti, kisha tabaka za faiba zinafuata nyuma yake. Unene wake ni kama nusu milimita, pengine 0.8. Hiyo ndiyo akiba yako yote. Kila ukipiga msasa unakula akiba hiyo, na ikiisha imeisha. Ndiyo maana sitaki ushike msasa kabla hujajua kina cha kila mkwaruzo.

Osha omo kwa maji ya sabuni, ikauke, halafu pitisha ukucha kwa kukatiza mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kukwama, hapo huhitaji jelikoti wala msasa. Chukua kompaundi ya kung'arishia magari na kitambaa cha pamba, sugua kwa mizunguko midogo mpaka alama ipotee. Naamini hiyo mingi uliyoifananisha na nywele itaondoka hivyo. Ukucha ukikwama kidogo lakini ndani kungali kweupe, anza na msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 1500, ndipo kompaundi. Usisugue mpaka mkwaruzo ufutike kabisa. Afadhali ubaki ufifu wake kuliko kutoboa jelikoti kwa kutafuta uzuri.

Ule wa rangi ya chai ni mambo mengine. Hapo jelikoti imekwisha, unaona faiba yenyewe. Boti itoke majini, ndiyo, na ikae kivulini mpaka mahali hapo pakauke kabisa. Ikiwa imelala majini na jeraha hilo kwa wiki kadhaa, ipe siku kadhaa za kukauka. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ziwa letu halina chumvi, faiba iko salama. Chumvi hutesa zaidi chuma. Kwa faiba ni kinyume: maji yasiyo na chumvi hupenya jelikoti kwa urahisi kuliko ya bahari, na ndiyo huleta yale malengelenge unayoyaona kwenye matumbo ya boti kuukuu.

Kwa kujaza, tafuta jelikoti nyeupe na hadena yake, yaani dawa ya kuigandisha, kwa mafundi wa faiba, wale wanaotengeneza matangi na bodi za magari. Hadena ya jelikoti ni maji maangavu, si ile pasta nyekundu ya filla. Nunua kidogo, maana jelikoti haikai zaidi ya miezi michache, na joto la Kisumu linaigandisha ndani ya mkebe.

Kwanza ondoa nta na grisi kwa kitambaa chenye asetoni, kabla ya msasa. Ukitanguliza msasa unaisukuma nta ndani ya mkwaruzo, na jelikoti mpya haitashika. Kisha chukua ncha ya patasi ndogo upanue mkwaruzo: chini mwembamba, juu mpana, kingo zimelala. Kufungua zaidi kitu kilichokwisha kuumia kunatia uchungu, najua, lakini jelikoti haiingii kwenye ufa mwembamba. Inaziba juu, inaacha hewa chini, na jua la kwanza linaitoboa. Piga msasa namba 220 ndani na pembeni kidogo ili pakwaruke, futa vumbi, pitisha asetoni tena, ngoja ikauke. Zungushia tepu ya karatasi, ukiacha nafasi ya milimita mbili tatu kila upande.

Rangi itakusumbua. Boti yako ilikuwa nyeupe ilipokuwa mpya; leo imepigwa na jua la ikweta miaka mingi na weupe wake umegeuka wa maziwa. Ng'arisha kwanza sehemu iliyo karibu kwa kompaundi, ndipo ulinganishe, kwa sababu ule unga unaobaki juu ya jelikoti kuukuu unakudanganya. Chovya njiti kwenye mchanganyiko wako, weka tone juu ya boti, liache likauke kabisa, halafu angalia mchana, si kwa taa. Ikibidi, ongeza chembe ya rangi ya manjano au ya kahawia, chembe kweli, kwa ncha ya njiti.

Sasa kipimo, ambacho ndicho huharibu kazi nyingi. Hadena ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa jelikoti. Kwa mkwaruzo wako gramu 30 za jelikoti zinatosha na kubaki, nazo zinataka takriban nusu mililita ya hadena. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Siku moja mchana, kwa haraka, nilimimina kwa macho. Kikombe kikapata moto mkononi, kikaanza kutoa moshi, na kile kidogo nilichowahi kupaka kikapasuka nyufa kabla ya jioni. Pungufu nayo ina ubaya wake: jelikoti inabaki laini siku zote. Koroga taratibu kwa dakika nzima ukikwangua pembeni mwa kikombe. Una kama dakika 10 hadi 20 kabla haijaganda, na chache zaidi kukiwa na joto. Vaa miwani na glavu. Tone la hadena likiingia jichoni linaweza kukupofusha, basi weka ndoo ya maji safi karibu, na mtu asivute sigara hapo, kwani asetoni inashika moto upesi.

Jaza kwa kijiti bapa, ukibonyeza ili hewa itoke, na uache kiraka kimeinuka kidogo kuliko ubavu wa boti, kwa sababu kitasinyaa kikikauka. Jelikoti ya kawaida haikauki vizuri juu ikiguswa na hewa, inabaki inanata. Funika kwa plastiki nyembamba inayoonyesha, ilaze kuanzia upande mmoja, sukuma mapovu kwa kidole, ibandike kwa tepu. Fanya hivyo asubuhi, umande ukishakauka, chini ya mti. Jua la saa saba linagandisha kabla hujamaliza, alasiri mvua hupenda kushuka, na jioni wale nzi wa ziwani wanaopanda kama moshi watakuja kulala juu ya kila kinachonata.

Iache mpaka kesho yake. Ondoa plastiki, jaribu msasa: vumbi likitoka kavu, endelea, likijiviringa kama uchafu wa kifutio, bado haijaiva, ngoja. Zungushia msasa wa 400 kipande cha soli ya kandambili, kisha chora kiraka na pembeni yake kwa penseli. Sugua kwa maji. Penseli inafutika palipoinuka na kubaki palipo chini, kwa hiyo unaona kwa macho mahali unapokula. Kiraka kikilingana na ubavu, acha 400 papo hapo. Chora tena, ingia 600, 800, 1000, 1500, kila namba ukifuta mistari ya iliyotangulia. Mwisho kompaundi, halafu nta.

Ukiona nyufa zilizotawanyika kama utando wa buibui, hasa pale kamba inapofungwa, hiyo si mikwaruzo. Faiba chini yake inapinda, na ukijaza tu zitarudi. Ilete ionwe na fundi kwa ndani.

Na kuhusu mawe ya bichi: tandika gunia kuukuu lililojazwa magugu maji yaliyokauka, au vipande vya zulia, mahali omo inapopanda. Visuuze kila asubuhi, maana mchanga ukinasa humo utakwaruza boti kuliko hayo mawe.