Mkate wa brauni wa Ayalandi kutoka mzito na ladha ya sabuni

Pole sana ndugu, nimekuelewa, umesema mkate umetoka mzito kama tofali, katikati mbichi na una ladha ya sabuni. Hiyo sabuni ni bekingi soda imezidi au haikukutana na kitu kichachu, ndo maana Waayalandi wanatumia maziwa ya siagi yaliyochacha na sio maziwa fresh. Ukikosa, chukua mtindi uuzimue na maji kidogo.

Mimi napima unga wa ngano nzima gramu 300, mweupe 150, chumvi kijiko cha chai, soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa na kisu, na mtindi mililita 400. Na nadhani hapa ndo ulipokosea, umesema umekanda dakika kumi, usikande kabisa! Huu sio mkate wa hamira, ngano ya kule ni laini, changanya kwa mkono tu mpaka unga mkavu uishe, unakuwa unanata nata, usiogope wala usiongeze unga, uweke kwenye trei, chora msalaba wa kina juu ili joto liingie katikati, halafu oveni iwe imeshapata moto nyuzi 200 za Selsiasi, fasta, maana soda inaanza kazi palepale.

Dakika 45 ugeuze, ugonge chini, ukisikia mlio wa tupu umeiva, ukisikia dufu rudisha dakika 5. Usikate wa moto.

Ila kama tumbo linajaa gesi kila ukila ngano, muone daktari kwanza.