Mtihani wa leseni ya uuguzi msaidizi: anza na mikono, daftari lifuate

Msimu wa mitihani ukikaribia, wadogo zangu wa Unguja na Pemba hunitafuta wakiniomba maswali ya miaka ya nyuma. Nawapa, kwa sababu yanasaidia. Lakini kila mmoja namuuliza: mara ya mwisho umemgeuza mgonjwa kitandani lini? Mwenye kukesha na daftari huku mikono yake haijazoea beseni na shuka, chumba cha vitendo kitamtoa jasho.

Mle ndani mtahini anasimama pembeni na karatasi yake ya alama. Anatazama unachofanya na mpangilio wake. Umemsalimia mgonjwa? Umejitambulisha, ukahakikisha jina lake, ukamweleza unachotaka kumfanyia, naye akaridhia? Umevuta pazia? Sisi kuamkia tumelelewa nako, lakini hofu ya mtihani humfanya mtu aingie na kuushika mkono wa bibi wa watu kama anafunga mzigo.

Kunawa mikono kufanyieni mazoezi mpaka kuwe tabia. Kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60, kwa dawa ya kusugulia yenye spiriti ni 20 hadi 30. Vinavyosahaulika ni vidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole. Wengi pia hukumbuka kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa, wakasahau kunawa baada ya kugusa kitanda chake au kikabati chake tu. Na glavu haziondoi wajibu wa kunawa, ukizivaa na ukizivua. Ndugu zetu walioko Marekani, ambako sheria ya mwaka 1987 inataka msaidizi wa muuguzi asome saa zisizopungua 75, nao wana mtihani wa vitendo juu ya ule wa maswali, na kunawa mikono kumo.

Sasa kubwa kuliko yote: jifunzeni kwa mtu, msijifunze kwa mto wa kulalia. Mto haulalamiki. Mimi nilijifunza kwa bibi yangu, Wete, aliyekuwa amepooza upande mmoja. Baada ya Alasiri nilikuwa namwogesha na kumbadilisha nguo. Darasani nilikuwa nimeandika kwamba kuvisha unaanza na mkono dhaifu, kuvua unaanza na mkono mzima. Kwa bibi ndipo nilipojua sababu: mkono mzima unaweza kujikunja ukafuata nguo, ule mwengine hauwezi, na ukiuvuta unamuumiza bega. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, nisitiri kwanza." Ndiyo maana mpaka leo simfunui mgonjwa ila pale ninapoosha, kwengine pote shuka liko juu yake. Hilo mtahini analipa alama, lakini hata asingelipa, ni haki ya mgonjwa. Na asiyeweza kujigeuza mwenyewe hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ukamtazama visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Ngozi ikiwa nyekundu na ukibonyeza haibadiliki, toa taarifa, wala usiisugue.

Kwenye vipimo, mtu mzima aliyetulia mapigo yake ni 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20. Pumzi usimwambie kwamba unazihesabu, atazibadilisha. Endelea kushika kifundo cha mkono kama bado unahesabu mapigo, huku macho yako yako kifuani, dakika nzima. Presha: apumzike dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo, na mkanda umtoshe, kwani mkanda mdogo hupandisha kipimo. Andika palepale ulichokiona, si ulichokitarajia.

Maswali ya kuandika huja kwa Kiingereza. Someni kwa lugha hiyo, kisha mwelezeni mtu wa nyumbani kwa Kiswahili. Mama akielewa kwa nini mfuko wa mkojo wa mgonjwa aliyewekewa mpira unawekwa chini ya usawa wa kibofu, basi na wewe umeelewa.

Kaeni watatu: mmoja muuguzi, mmoja mgonjwa, mmoja mtahini mwenye karatasi, mbadilishane. Anayelala kitandani ndiye anayejifunza zaidi.

Masharti ya usajili ulizeni Baraza la Wauguzi na Wakunga lenyewe, msitegemee aliyefanya zamani. Na nyinyi wa Pemba, kama kituo chenu kiko Unguja, msivuke siku ya mwisho, hasa kipindi cha upepo wa kusi, bahari inapochafuka.

Ukiwa ndani ukagundua umeruka hatua, usinyamaze wala usikimbie mbele. Sema kwa sauti: "Sikufunga breki za kitanda, nafunga sasa." Funga, hakikisha mgonjwa yuko salama, kisha endelea pale ulipoachia.