Griffith inasema 9a, kwenye ramani a haipo: nyumba ya babu iko wapi?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja Mtanzania anayeishi Massachusetts, nalifupisha: mume wake ni Mmarekani wa ukoo wa Sullivan, babu wa babu yake alitoka Ireland, na kwenye uthamini wa Griffith, ile orodha ya zamani ya Ireland ya walioshika ardhi na nyumba, wamemwona mtu wa jina lake katika rasi ya Beara, kaunti ya Cork, namba 9a, nyumba ya thamani ya shilingi 5. Wakifungua ramani mtandaoni wanaiona 9 lakini a hakuna, na picha ya satelaiti inaonyesha majani matupu. Wanasafiri Juni, anauliza wakasimame wapi.

Dada, hongera kwanza, maana wengi wanaoniandikia wana "County Cork" tu na tiketi wameshakata. Nyie mna taunilandi, yaani kile kieneo kidogo kabisa cha ardhi chenye jina lake, na Ireland nzima ziko zaidi ya 60,000, kwa hiyo mtu asiye na taunilandi hana pa kwenda, atazunguka na gari apige picha milima arudi. Nyie mmeshapiga hatua kubwa kwenye utafutaji huu.

Sasa hiyo 9a. Ile kazi ya Griffith ilifanyika 1847 mpaka 1864 na lengo lake lilikuwa kodi, walikuwa hawana habari na historia ya ukoo wa mtu. 9 ni kipande cha ardhi, siyo namba ya nyumba kama mlivyozoea mtaani kwenu. Herufi ndogo ndiyo nyumba iliyomo ndani ya hicho kipande, na kama kuna a, b na c zimefungwa pamoja kwa mabano makubwa basi hao watu walikuwa wanashirikiana ardhi moja, kila mmoja na kibanda chake, mara nyingi vibanda vimebanana sehemu moja. Kwa hiyo usitafute 9a katikati ya shamba, tafuta kijikundi cha vijengo vidogo vidogo ndani ya mipaka ya 9 au pembeni yake.

Na kwa nini ramani haikubaliani na kitabu? Kwa sababu ramani nyingi zilizowekwa mtandaoni pamoja na Griffith siyo zile za siku ile ile, ni za marekebisho ya miaka ya baadaye, na hapo katikati mipaka ilihamishwa, watu walikufa, wengine walifukuzwa, wengine walipanda meli, namba zikapangwa upya. Yaani hata hiyo 9 unayoiona sasa hivi inawezekana kabisa siyo 9 yake. Hili linawapoteza watu wengi mno na naliona kila mwaka, mtu anapiga picha ukuta wa ukoo mwingine anautundika sebuleni.

Dawa yake ni madaftari ya marekebisho. Baada ya Griffith maofisa waliendelea kupita, wakawa wanakata jina la zamani na kuandika jipya juu yake kwa wino wa rangi nyingine, mwaka unaandikwa pembeni kwa rangi hiyo hiyo. Ukilifungua daftari lenyewe unaona Sullivan kakatwa kwa nyekundu, juu kaandikwa mwanawe au mjane wake au mtu baki kabisa, kisha na huyo kakatwa kwa bluu, na namba ya kipande ikibadilika nayo inakatwa inaandikwa mpya, ndiyo maana nasema lazima muone rangi, nakala ya nyeusi na nyeupe inawaficha nusu ya habari. Kwa kaunti ya Cork madaftari yako Dublin, zamani ilikuwa ofisi ya uthamini, tangu 2023 imeunganishwa kwenye taasisi inayoitwa Tailte Éireann. Waandikieni kabla hamjasafiri, muwape jina la kaunti, parokia ya kiserikali (siyo ile ya kanisa) na taunilandi. Ingekuwa kaunti sita za kaskazini ungeyaona bure mtandaoni kupitia PRONI, hifadhi ya nyaraka za serikali iliyoko Belfast. Mimi ningekuwa nyie siku ya kwanza nashinda Dublin na hayo madaftari halafu ndiyo naenda Beara, kwa sababu mstari wa mwisho kwenye daftari unawapa jina la familia iliyoshika ile ardhi karne ya 20, na mara nyingi familia hiyo au jirani yake bado yuko.

Kingine kinachonipa wasiwasi: mna uhakika ni Sullivan wenu? Beara ina akina Sullivan kama Kariakoo ilivyo na akina Juma. Angalia kando ya jina kama kuna mabano madogo yenye jina lingine la kiume au la kazi, mara nyingi hilo ni jina la baba yake au jina la utani waliloliandika ili kumtofautisha na mwenzake wa jina lile lile hapo hapo taunilandi. Kumbuka pia Griffith iliandika anayeshika nyumba tu, mke na watoto hawamo, kwa hiyo kama babu wa shemeji aliondoka akiwa kijana basi aliyeandikwa huenda ni baba yake. Fungueni rejista za ubatizo za Kikatoliki, Maktaba ya Taifa ya Ireland imeziweka bure mtandaoni tangu 2015, zinafika mpaka kama 1880, maandishi yamefifia na mengi ni Kilatini ila majina yanasomeka, na msiruke wasimamizi wa ubatizo maana mara nyingi ni ndugu. Upande wenu huko Massachusetts kuna hazina watu hawaigusi, gazeti la Pilot la Boston lilikuwa linachapa matangazo ya kutafuta ndugu waliopotea kuanzia 1831 hadi 1921, na mengi yanataja mpaka parokia aliyozaliwa mtu.

Sensa za nyuma msizihangaikie, za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua Dublin mwaka 1922, na za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ilishaziharibu. Ila za 1901 na 1911 zipo nzima na ni bure, na kama kuna ndugu aliyebaki pale zitawasaidia sana kuitambua nyumba. Fungua ile fomu ya majengo, inaitwa B1. Ukuta wa jiwe au tofali unapata 1, wa udongo 0. Paa la bamba za mawe 1, la nyasi 0. Kisha idadi ya vyumba, kisha madirisha ya mbele, wanajumlisha wanatoa daraja. Kwa hiyo mkisimama mbele ya gofu lenye mlango mmoja na madirisha mawili mnaweza kulilinganisha na fomu pale pale. Tahadhari tu, namba ya nyumba kwenye sensa ni ya karani wa sensa, haihusiani kabisa na namba ya Griffith.

Kuhusu majani matupu kwenye satelaiti, nyumba ya shilingi 5 ilikuwa kibanda kidogo mno, mara nyingi hakijaacha kitu, na maeneo mengi ya magharibi ardhi iligawanywa upya kuanzia 1891 na bodi ya serikali ya wilaya zenye msongamano (Congested Districts Board), watu wakajengewa sehemu nyingine. Tafuta ramani za Ordnance Survey, yaani idara ya serikali ya upimaji ramani, za inchi 6 kwa maili, toleo la kwanza la 1829 hadi 1842, uweke juu ya satelaiti. Kijengo kikiwepo kwenye ya zamani na leo hakipo, jiwe la msingi mara nyingi liko kwenye ukuta wa shamba au banda la ng'ombe.

Mkifika, msiruke geti. Ireland hakuna haki ya kujipitia shamba la mtu, gongeni nyumba ya karibu, mjitambulishe kwa ukoo na taunilandi, muombe, na geti mliache mlivyolikuta. Vaeni gambuti, hata Juni.

La mwisho dada, kama bado unatumia pasi ya Tanzania utahitaji viza ya Ireland hata kama una grini kadi, ya Schengen haikubaliki, na mkivuka kwenda Belfast hiyo ni Uingereza, ni viza nyingine. Shemeji na pasi yake ya Marekani upande wa Ireland hahitaji viza. Anza na hiyo yako leo, halafu nitumie picha ya ukurasa mzima wa Griffith, siyo mstari wake peke yake, nataka kuona majirani na mwenye ardhi.