Nimetuma asubuhi Kigoma, ikasomeka jioni Bujumbura

Mimi ni wakala wa mizigo hapa Kigoma. Juni 2024 mteja wa Bujumbura aliomba bei ya kusafirisha saruji, mwisho wa kupokea saa kumi na moja jioni, saa za kwao. Nikaituma kwa barua pepe saa nne na dakika nne asubuhi, nikashuka zangu Kibirizi kuangalia boti. Kesho yake ananijibu: samahani ndugu, barua yako ni ya 19:04, umechelewa. Kazi ameshapewa mwingine. Iliniuma sana, maana bei ile niliikeshea.

Burundi wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo alipaswa kuona 9:04. Hizo saa kumi za ziada zilitoka wapi?

Programu ya barua pepe inapotuma, huandika juu ya barua saa ya kompyuta yako pamoja na tofauti yake na saa za dunia, UTC. Tanzania ni +0300. Burundi na Kongo ya mashariki ni +0200. Programu ya mpokeaji hupiga hesabu hapo, ikamwonyesha kwa saa za kwake.

Sasa laptopu yangu niliinunua mtumba, ikiwa bado na saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Siku ya kwanza nikaona saa haiendani na ya ukutani, nikaandika saa sahihi kwa mkono, eneo nikaliacha vilevile. Kwa macho ilikuwa sawa kabisa. Kumbe kila barua ilikuwa inaondoka na mhuri huu: 10:04:00 -0700. Hiyo ni saa nne asubuhi ya California, ambayo Bujumbura ni saa moja jioni na dakika zake!

Kwa hiyo, tafadhali, kagua yako leo. Fungua mipangilio ya tarehe na saa, uanze na eneo. Kwenye Windows usihangaike kutafuta Dar es Salaam, chagua Nairobi, UTC+03:00. Saa zetu ni hizohizo. Ukimaliza, ruhusu saa ijirekebishe yenyewe kwa intaneti.

Ukiambiwa umechelewa na una hakika hukuchelewa, mwombe mpokeaji afungue barua katika umbo lake la asili (kwenye Gmail ni kupitia vidoti vitatu). Mistari inayoanza na Received huandikwa na seva kwa saa zao wenyewe, kompyuta yako haihusiki. Nakala iliyobaki kwako kwa kawaida haina mistari hiyo, ndiyo maana lazima aangalie yeye. Mteja wangu alikuta 07:04 +0000, yaani 10:04 ya Kigoma. Akaniomba radhi, ila saruji ilikuwa imeshapata mbebaji.

Halafu kuna hili la saa zetu za Kiswahili. Ukimwandikia "saa 4" mtu anayehesabu saa kwa Kifaransa, ataelewa 4:00 ya alfajiri. Siku hizi kila bei ninayotuma ina mstari huu chini: imetumwa saa 4 asubuhi Kigoma, yaani 10:00, Bujumbura 9:00.