EEG safi haimaanishi mtoto hana kifafa

Wazazi wengi huuliza kama EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ikitoka safi basi mtoto hana kifafa. Hapana, majibu safi hayatoshi kusema hivyo. Kipimo cha kawaida hurekodi umeme wa ubongo kwa nusu saa hivi tu; umeme huo ukiwa umetulia muda huo, hakuna hitilafu itakayonaswa. Ndiyo maana hurudiwa mtoto akiwa usingizini, au analazwa apimwe kwa EEG ya video saa 24 na zaidi. Mwanangu kifafa chake kilionekana kwenye kipimo cha tatu, tena alipolala. Mrekodi mtoto kwa video ya simu akishikwa na kifafa, daktari huona mengi humo kuliko kwenye maelezo yetu ya mdomo. Ila wapo pia watoto wachache wasio na kifafa ambao EEG yao huonyesha hitilafu, kwa hiyo dawa haianzishwi kwa karatasi ya kipimo peke yake.