Waiteni kwa Majina: Kwa Walimu Wapya Mnaosindikiza Wanafunzi Ughaibuni

Walimu wenzangu, juzi nilikuwa katika Jengo la Tatu la Abiria la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kuwaaga wanafunzi wetu wanaokwenda Hamburg, nikamwona mwalimu kijana, mchapakazi ninayempenda, akipita nyuma ya foleni huku kidole kikicheza hewani: mmoja, wawili, watatu, hadi kumi na watano. Moyo ukanipiga paa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikihesabu mimi, na kila mwaka namwona mwalimu mwingine akihesabu hivyohivyo. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010 na ziara hizi za kubadilishana wanafunzi zinaendelea, kwa hiyo nayaandika haya ili safari ijayo isianze na kidole kilekile.

1. Nyaraka. Ombi la viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe kupita siku 15, bima iwe ya angalau euro 30,000, na kila mtoto aliyefikisha miaka 12 hutoa alama za vidole yeye mwenyewe. Barua ya ridhaa ya wazazi msiipokee nusu, na msikubali kuambiwa kwamba baba atasaini kesho. Nakala za pasi akae nazo mwalimu wa pili, zisiwekwe katika mkoba uleule wenye pasi zenyewe.

2. Msihesabu vichwa. Ilikuwa Oktoba, baridi imeanza kuuma, na familia zilizotupokea zilikuwa zimewaazima watoto wetu makoti manene yenye kofia. Asubuhi hiyo tulikuwa tunakwenda Lübeck kwa treni kutoka stesheni kuu ya Hamburg, mwendo usiofika saa moja. Watu walikuwa wengi jukwaani, milango ilikuwa imeshafunguka, nami nikasimama kando ya mlango nikihesabu migongo ya makoti yanayopanda, ikatimia 15, nikaridhika, nikapanda. Tulipokaribia Bad Oldesloe, mmoja wa waliokaa mbele yangu akavua kofia ya koti, nikaona nywele za rangi ya ngano. Alikuwa binti wa mojawapo ya familia zile, aliyeamua palepale jukwaani kufuatana na rafiki yake. Nikaanza kuita majina. Nilipofika jina la msichana mmoja wa kidato cha tatu, behewa likanyamaza, kisha mwenzake akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, alikwenda chooni, akaniomba nikuambie.”

Choo cha stesheni ile ni cha kulipia, na mtoto alikuwa na noti ya euro 10 peke yake. Alihangaika kutafuta chenji, akarudi jukwaani, akakuta reli tupu. Simu yake haikuwa na laini ya kule, kwa kuwa alitegemea Wi-Fi ya nyumba alikofikia. Na zile kadi zenye namba yangu, anwani ya familia na sentensi mbili za Kijerumani za kuomba msaada, nilizozichapa mwenyewe kabla hatujaondoka Dar es Salaam, zote 15 zilikuwa ndani ya mkoba wangu, zimefungwa kwa mpira, kwa sababu nilipanga kuzigawa kesho yake. Nilimwachia mwenzangu wanafunzi 14, nikarudi peke yangu, na njia nzima nilikuwa nimezishika kadi zile mkononi.

Nilimkuta kwa watu wa Bahnhofsmission, huduma ya makanisa inayowasaidia wasafiri bila malipo katika stesheni nyingi kubwa za Ujerumani. Alikuwa ameketi, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na chai yenyewe hakuigusa. Aliponiona alisimama, akasema, “Shikamoo, Mwalimu,” kisha akaanza kulia. Marahaba haikunitoka. Alikuwa amekaa peke yake, katika mji asioujua, kwa saa moja na dakika kumi.

Tangu siku hiyo naita jina, mwenye jina anaitika na kumtaja mwenzake wa jozi, na mwalimu wa pili habandui mguu jukwaani hadi orodha iishe. Inachukua dakika mbili. Treni ikituacha kwa ajili ya dakika hizo mbili, na ituache sote pamoja.

3. Mzazi asikie kwako kwanza. Kumwacha mtoto ni kosa lililofanyika kwa haraka, lakini hili lililofuata nililifanya nikiwa nimetulia, ndiyo maana linaniuma zaidi. Badala ya kumpigia mama yake palepale, nilitaka kwanza tuungane na wenzetu, watoto wapate chakula, nami nipange maneno. Kabla ya jioni habari ilikuwa imeshafika katika kundi la WhatsApp la wazazi, imetiwa chumvi, na mama yule akaisoma akiwa kazini. Nilipompigia hakunifokea. Aliniuliza tu, “Mwalimu, ulikuwa unasubiri nini?” Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo. Mtoto akipotea, akiugua au akiumia, pigeni simu saa hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka.

4. Mizigo na mengineyo. Kagueni mabegi nyumbani, kwa maana Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria anayetoka kwetu kuingiza nyama wala vyakula vya maziwa, na sijawahi kuongoza msafara usio na mama aliyeficha chupa ya samli katikati ya nguo. Naelewa kabisa mapenzi yaliyoifunga chupa ile, na kila mara imenibidi kuitoa. Mnapowapa watoto muda wa kukutana mbele ya wenyeji, semeni saa tisa alasiri, kisha andikeni 15:00. Jumapili maduka mengi ya kule hufungwa. Namba ya dharura ni 112.

Kadi za msafara ujao zimeshachapwa na ziko mezani kwangu. Atakayeusindikiza aje azichukue wiki hii, azigawe kabla ya siku ya ndege, na orodha ya majina aje nayo kichwani.